Pugu: stesheni ya kilimani na hesabu ya reli ya njia moja

Kilomita kama 20 kutoka Stesheni ya Dar es Salaam, Reli ya Kati inamaliza tambarare ya pwani na kukutana na vilima vyake vya kwanza. Hapo ndipo ilipo Pugu. Ni stesheni ndogo, na wengi wanaoipita wakielekea Morogoro au Tabora hawanyanyui hata macho. Lakini anayetaka kuelewa kwa nini treni za abiria wa mjini Dar es Salaam ni chache, zinachelewa wapi, na kipi kifanywe ili ziongezeke, mahali pazuri pa kuanzia ni hapa Pugu, chini kabisa kwenye mataruma, vile vipande vinavyolazwa chini ya reli kuibeba.

Jina la Pugu ni la zamani kuliko reli. Wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua misheni yao hapo mwaka 1888, na Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri vya kuwapinga Wajerumani pwani, misheni hiyo ikashambuliwa na kuteketezwa. Reli ilikuja baadaye. Ujenzi ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, kazi ikiwa mikononi mwa kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt, na Desemba 1907 treni zilikuwa zinafika Morogoro. Kipande hicho cha kwanza kilipita Pugu. Kisha njia ikasonga mbele hadi Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1916 Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja mengi, Waingereza wakayatengeneza upya, na reli ikawa ya Tanganyika. Mwaka 1948 iliunganishwa na ile ya Kenya na Uganda chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 ikazaliwa TRC, Shirika la Reli Tanzania. Mwaka 2007 uendeshaji ulikabidhiwa TRL, kampuni ya ubia na RITES ya India, miaka michache baadaye ukarudi serikalini, na mwaka 2017 sheria mpya ikarejesha jina la TRC.

Pugu ina historia nyingine ambayo kila mwanafunzi wa shule ya msingi anaijua. Mwalimu Julius Nyerere alifundisha Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu. Alikuwa mwalimu hapo alipochaguliwa kuwa rais wa TAA, chama kilichoitangulia TANU, mwaka 1953, na alikuwa bado hapo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata aliacha ualimu. Barabara iliyokuwa ikiitwa Barabara ya Pugu sasa ni Barabara ya Nyerere, na kwa sehemu kubwa inakwenda upande mmoja na reli, ikipita uwanja wa ndege na Gongo la Mboto.

Sasa turudi kwenye reli yenyewe, kwa sababu huko ndiko mambo ya Pugu yanakoamuliwa.

Upana wa njia ya zamani ni milimita 1,000, unaopimwa kati ya nyuso za ndani za vichwa vya reli mbili. Wajerumani walitumia sana mataruma ya chuma, na sababu yake kubwa ni mchwa. Taruma la mti laini kwenye ardhi hii halimalizi miaka mingi, lakini la chuma mchwa hawana la kulifanya. Ukiiangalia reli ubavuni, kwenye ule ukuta mwembamba kati ya kichwa na kitako, mara nyingi utaona maandishi yaliyotokeza: jina la kiwanda kilichoifua, uzito wake na mwaka. Ni vizuri kuyasoma kabla ya kusikiliza maelezo ya mtu yeyote kuhusu umri wa njia, maana chuma hakibahatishi. Kwenye mradi wa kukarabati njia ya Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970, uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, reli nyembamba zilibadilishwa kuwekwa za ratili 80 kwa yadi, yaani karibu kilo 40 kwa kila mita. Reli nzito haipindi ovyo chini ya gurudumu, hivyo kila ekseli inaruhusiwa kubeba zaidi.

Reli hizi hufungwa ncha kwa ncha kwa vipande viwili vya chuma na bolti, na kati ya ncha huachwa mwanya. Mwanya huo si uzembe wa fundi. Reli ya mita 12 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi, tofauti ya kawaida kati ya alfajiri na jua la saa nane, inarefuka kama milimita 4. Ukinyimwa mwanya, urefu huo unatafuta pa kwenda, na njia inajikunja pembeni kama nyoka. Ukiachwa mkubwa mno, kila gurudumu linagonga ncha ya reli inayofuata, ncha inabondeka, bolti zinalegea, na taruma lililo chini yake linaanza kuzama. Ile sauti ya ta-ta, ta-ta anayoisikia abiria ndiyo hiyo. Ikibadilika ghafla ikawa mshindo mzito, kiungo kimoja hapo kimechoka. Bolti na vipande hivyo ndivyo pia wezi wa chuma chakavu wanavyovipenda. Kila kimoja kikiondoka, kazi yake inahamia kwa vilivyobaki.

Vilima vya Pugu vinafika karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari. Kwa gari dogo hiyo si kitu. Kwa treni ni jambo la kupigia hesabu, na hesabu yake ni rahisi. Kwenye tambarare, tani moja ya treni inavutika kwa nguvu ya kilo 2 au 3 tu, kwa kuwa chuma juu ya chuma hakina msuguano mkubwa. Kwenye mwinuko, kila asilimia moja inaongeza kilo 10 kwa kila tani. Chukulia treni ya mizigo ya tani 900, ikivutwa na kichwa, yaani injini ya treni, cha tani 70, kwenye mwinuko wa asilimia 1.5. Inahitaji mvuto wa karibu tani 17. Kichwa cha tani 70 kikiwa juu ya reli kavu kinaweza kushika kwa kama robo ya uzito wake, yaani tani 17 na nusu. Kinapanda, lakini kwa shida.

Mvua ikinyesha kidogo, ile ya manyunyu, kushika huko kunaweza kushuka hadi tani 10. Magurudumu yanaanza kuzunguka bila kwenda. Dereva mwenye uzoefu hangoji yateleze ndipo afanye kitu: anapunguza nguvu kabla ya kona, anamwaga mchanga mkavu mbele ya magurudumu kupitia mabomba yaliyo chini ya kichwa, na anajitahidi asisimame kilimani, maana kuondoka kilimani ni kugumu kuliko kuendelea. Mchanga ukiwa umeloa ndani ya sanduku lake hautoki, na hapo hakuna ujanja. Treni inasimama, na wakati mwingine inabidi ikatwe vipande viwili: nusu ya mbele inapandishwa, inaachwa juu, kisha kichwa kinarudi kuchukua nusu ya pili. Muda wote huo njia imefungwa. Mvua kubwa, ajabu yake, ina nafuu kidogo, kwa kuwa inausafisha uso wa reli. Manyunyu ndiyo yanayochanganya vumbi na mafuta kuwa utelezi.

Treni ya abiria wa mjini ni nyepesi. Mabehewa 10 yaliyojaa hayafiki hata nusu ya uzito ule, kwa hiyo kilima chenyewe hakiisumbui sana. Inachosumbuliwa nacho ni treni nyingine iliyokwama mbele yake.

Na hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Njia ya zamani kati ya Dar es Salaam na Pugu ni moja. Treni mbili zinazokutana kwenye njia moja ni sawa na mikokoteni miwili kwenye uchochoro wa Kariakoo: mmoja lazima upate pa kujibanza. Mahali pa kujibanza kwenye reli ni njia ya kupishana, yaani njia ya pili inayochipuka kutoka ile kuu, inakwenda sambamba nayo, kisha inarudi kuungana nayo. Kituo ambacho abiria wanapanda na kushuka tu kinaweza kuwa jukwaa la kokoto na ubao wa jina. Stesheni ya kweli, kwa maana ya uendeshaji, ni ile yenye njia ya pili na mtu mwenye mamlaka ya kuamua nani apite kwanza.

Njia ya kupishana ina vipimo vyake. Urefu unaohesabika hauanzii kwenye panda, pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, bali kwenye alama inayoonyesha mwisho wa nafasi salama, pale ambapo behewa likisimama halitakwanguana na linalopita njia ya jirani. Treni ya mabehewa 15, kila moja mita 20 hivi, pamoja na kichwa, inahitaji zaidi ya mita 300 kati ya alama mbili. Treni ya mizigo ikiwa ndefu kuliko njia ya kupishana, ile fupi ndiyo inayoingia pembeni na ndefu inabaki njia kuu. Zote mbili zikiwa ndefu, haziwezi kupishana hapo kabisa, na hiyo ni sababu ya ucheleweshaji ambayo abiria hawaioni na hawaelezwi.

Kwenye panda yenyewe kuna ndimi mbili za chuma zilizochongwa nyembamba, zinazosogea pamoja kwenda kushoto au kulia. Ulimi unaotumika lazima ubane reli yake kabisa. Kipande cha kokoto kilichoingia katikati kinatosha kuuacha wazi kwa milimita kadhaa, na gurudumu la kwanza likipita upande huu na la pili upande ule, behewa limetoka njiani. Ndiyo maana mshika panda hafungui na kuondoka. Anafagia, anapaka mafuta kwenye vibao vya kutelezea, anavuta, anainama kuangalia ulimi umebana, ndipo anafunga kwa kufuli. Panda iliyofungwa bila kuangaliwa ni ya kuogopwa kuliko iliyo wazi.

Ruhusa ya kuingia kwenye kipande cha njia kati ya stesheni mbili hutolewa kwa treni moja kwa wakati mmoja. Inaweza kuwa tokeni ya chuma anayokabidhiwa dereva mkononi, karatasi iliyoandikwa baada ya wakuu wa stesheni wawili kuulizana kwa simu, au ruhusa ya redio kutoka kituo cha uongozi. Njia ni tofauti, kanuni ni ileile: kipande kimoja, treni moja, na hakuna dereva anayeondoka kwa kudhani.

Sasa tupige hesabu ya asubuhi. Tuseme safari ya Pugu hadi mjini, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 25 kwa saa pamoja na vituo vya katikati, inachukua dakika 50, na kugeuza treni kunachukua dakika 15. Treni inaondoka Pugu saa 12:00 asubuhi, inafika mjini saa 12:50. Inaondoka tena saa 1:05, inarudi Pugu saa 1:55, inaondoka saa 2:10 na kufika mjini saa 3:00. Asubuhi yote, wakati kila mtu anataka kuwahi kazini, treni hiyo moja imeingiza watu mjini mara mbili. Na dakika zote 50 ilizokuwa ikirudi kilimani, ilikuwa karibu tupu.

Watu wakiona hivyo husema: ongezeni mabehewa, nunueni treni ya pili. Lakini bila mahali pa kupishania katikati, treni ya pili itasubiri upande mmoja hadi ya kwanza ifike. Weka njia moja ya kupishana kwenye kilomita ya 10 na picha inabadilika. Ya kwanza inaondoka mjini saa 1:05, ya pili inaondoka Pugu muda huohuo, zinakutana katikati saa 1:30, na ya pili inaingia mjini saa 1:55. Sasa treni inafika mjini kila baada ya dakika 65, si 130. Njia ya kupishana ya mita 400 pamoja na panda mbili ina faida kuliko mabehewa mapya yanayosimama yakisubiri. Kwa maoni yangu, hili ndilo jambo linalosahauliwa kila usafiri wa reli mijini unapojadiliwa: tunahesabu viti, hatuhesabu mahali pa kupishania.

Kugeuza nako kunakula muda, na Pugu kama mwisho wa safari lazima iwe na nafasi ya kufanya hivyo. Treni inayovutwa na kichwa kimoja ikifika, kichwa kiko upande usiotakiwa. Kwanza breki za mkono zinafungwa kwenye mabehewa, maana Pugu ni kilimani na mabehewa yasiyofungwa yatateremka yenyewe kuelekea mjini. Kisha vali za mabomba ya upepo wa breki zinafungwa pande zote mbili, mabomba yanatenganishwa, kiungo kinafunguliwa. Kichwa kinasogea mbele kuvuka panda, panda inageuzwa, kinarudi nyuma kupitia njia ya pili, kinavuka panda ya upande wa pili, na kuja kuunga treni kwa taratibu. Mabomba yanaungwa, vali zinafunguliwa, presha inasubiriwa ipande. Halafu kuna hatua ambayo haipaswi kurukwa hata treni ikiwa imechelewa vipi: mtu anakwenda hadi behewa la mwisho na kuangalia kwa macho breki zikibana na kuachia. Vali moja iliyosahaulika katikati ina maana mabehewa yote yaliyo nyuma yake hayana breki, na kutoka Pugu kwenda mjini ni mteremko. Ukiweka kichwa kila upande, au treni yenye chumba cha dereva pande zote mbili, karibu kazi yote hii inaondoka na dakika 15 zinaweza kuwa 5.

Adui mwingine wa ratiba ni maji. Vilima vya Pugu ni chanzo cha mto Msimbazi, uleule unaofurika Jangwani, na udongo wake una kaolini nyingi, udongo mweupe laini unaotumika kutengeneza vyombo vya kauri. Mapango ya Pugu, ambayo wageni wengi hudhani ni ya asili, yalichimbwa na watu waliokuwa wakiifuata kaolini hiyo. Udongo laini namna hii ukiingia kwenye kokoto unaziba mianya. Maji ya masika yanakosa pa kutokea, taruma linakaa ndani ya uji, na kila gurudumu likipita linaubana uji huo juu hadi unaonekana mweupe au wa kijivu pembeni mwa mataruma. Ukiona doa hilo wakati wa kiangazi, njia ya hapo ilikuwa ikicheza wakati wa mvua.

Kumwaga kokoto mpya juu ya tope hakuponyi kitu, kwa kuwa tope litapanda tena. Lazima kuchimbua hadi sentimita 25 au 30 chini ya taruma, kuondoa kokoto chafu, kufungua mfereji wa pembeni uteremke hadi kwenye kalavati, ndipo kokoto safi ziwekwe na kushindiliwa kidogo kidogo pande zote mbili za taruma. Kalavati zinatakiwa kusafishwa mwezi Februari, kabla ya masika, na tena Septemba kabla ya vuli. Mifuko ya plastiki na takataka za nyumbani zinaziba kalavati haraka kuliko mchanga. Hii ni sababu mojawapo ya kulinda hifadhi ya reli, ambayo ni mita 15 kila upande mijini na mita 30 nje ya mji: bila nafasi hiyo hakuna pa kupitisha mfereji wala pa kumwaga kokoto.

Mahali ambapo njia imelegea huwekewa mwendo wa pole. Kilomita moja kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa ni dakika 1 na sekunde 20. Kwa mwendo wa 15 ni dakika 4, na ukiongeza muda wa kupunguza kasi na kuianza upya, treni imepoteza kama dakika 4 kwa kipande kimoja. Vipande vitatu vya namna hiyo, na ile treni iliyopangwa kufika mahali pa kupishania saa 1:30 inafika saa 1:42. Mwenzake amesubiri dakika 12. Akirudi naye anachelewesha wa tatu. Tope la mita mia chache karibu na Pugu linaweza hivyo kuharibu asubuhi yote ya watu wa Buguruni.

Treni ya mjini ya Dar es Salaam ilianza tarehe 29 Oktoba 2012, na wananchi wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Harrison Mwakyembe. Upande wa TRL ilikwenda Ubungo Maziwa, na upande wa TAZARA, reli ya kwenda Zambia, ilikwenda Mwakanga. Pugu ilipata zamu yake mwaka 2016. Safari zilipangwa asubuhi na jioni kwa sababu njia hiyohiyo ndiyo inayobeba mizigo ya bandari na treni za bara.

Ukiangalia ramani ya eneo hili utaona reli za aina tatu zikitoka mjini kuelekea upande mmoja. Ya zamani ina milimita 1,000. TAZARA ina 1,067, tofauti ya upana wa vidole vinne tu, lakini inayotosha kuzuia behewa la huku lisipite kule. Ya tatu ni SGR, reli mpya ya kisasa, milimita 1,435, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Pugu penyewe na Rais John Magufuli tarehe 12 Aprili 2017. Treni zake za abiria zilianza kwenda Morogoro tarehe 14 Juni 2024, kwa umeme. Katika nauli zilizotangazwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu, kwa treni ya kawaida mwaka huo, Dar es Salaam hadi Pugu, kilomita 19, ilikuwa shilingi 1,000, na hadi Morogoro shilingi 13,000. Reli zake zimechomelewa ziwe ndefu mfululizo, hivyo hakuna mianya na ile ta-ta haisikiki; joto linazuiwa kwa mataruma mazito ya zege, klipu, na kokoto nyingi mabegani mwa njia.

Lakini kati ya Dar es Salaam na Morogoro hata SGR ni njia moja. Tunapoambiwa kipande hicho kina kilomita 300 za reli, kilomita 205 ndizo njia kuu. Kilomita 95 zilizobaki ni njia za kupishana na za kwenye stesheni. Wahandisi wa reli ya kisasa kabisa nchini wametenga karibu theluthi ya chuma chao kwa ajili ya treni kusimama pembeni na kupisha nyingine. Kwa njia ya zamani kipimo kama hicho hakihitajiki, kwani kasi na idadi ya treni ni ndogo. Njia moja ya kupishana katikati ya mji na Pugu, yenye urefu wa kubeba treni ya mizigo nzima, na nyingine ya ziada Pugu kwenyewe ili treni ya mjini igeuzwe bila kufunga njia kuu, zingetosha kuanzia.